Moto Usiokuwa wa Juu wala wa Chini

Bara ya Lunga Lunga,
Ijumaa, baada ya sala ya Alasiri

Kwa mke wangu, Mama Saumu,

Asalaam alaikum. Salamu hizi zitangulie maneno mengine yote, zikukute umekaa na mama yako, naye awe ameweza kula bila kulazimishwa. Uvimbe wa mguu wake umepungua? Ile dawa ya kuchua ikimwasha, iache. Usimsikilize kila jirani anayekuja na chupa yake. Na wewe mwenyewe u hali gani? Katika barua yako ya mwisho uliniandikia habari za watu wote wa Funzi, hata za mbuzi wa jirani, ukaacha kuandika habari zako. Hilo nililiona.

Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Ninakula, ninalala, ninasali. Simu huku haipati mtandao, ndiyo maana unapokea karatasi badala ya sauti. Mwenye bodaboda anayetuletea unga kutoka Lunga Lunga ameahidi kuifikisha barua hii kwa mdogo wangu Salimu pale Bodo, naye ataivusha.

Uliniuliza swali ambalo sikulijibu: kwa nini mtu wa umri wangu anaishi peke yake katika stoo ya shule, hali nyumba za watu zimejaa pande zote mbili? Nitakujibu leo, maana yametokea mambo, na sina mwingine wa kumweleza.

Unajua kwamba ardhi ya huku inapimwa ili kila jamii ipate hati yake. Korongo kavu linapita katikati. Walio upande wa machweo huitwa watu wa Juu, na walio upande wa bahari huitwa watu wa Chini. Wamegombania mpaka tangu kabla mimi sijaanza kufundisha. Walipokubali hatimaye kupima, hawakukubaliana nani akishike kifaa, ile jipiesi ambayo ukisimama mahali na kubonyeza, inapaandika mahali hapo kwa msaada wa satelaiti. Mtu wa Juu angependelea Juu, na mtu wa Chini angependelea Chini. Ndipo wakatafuta mgeni asiye na ndugu, mkwe wala ng'ombe huku, wakanipata mimi. Wakaniwekea na sharti: nisile wala nisilale katika nyumba ya yeyote mpaka kazi iishe, ili asipatikane mtu wa kusema kwamba Mwalimu amelishwa.

Nililiona sharti hilo kuwa la haki, na hata leo ninaliona hivyo. Uzito wake ndio niliokuwa siujui. Ninapopita nyumba za watu wakati wa chakula, wananiamkia kwa adabu, kisha wananyamaza, wanangoja nipite. Mimi ni mtu wa pwani, Mama Saumu. Katika maisha yangu yote sikuwahi kupita penye sahani bila kuambiwa karibu, hata na mtu asiyetaka nikaribie.

Kisha likazuka suala la betri. Kifaa kinatumia betri mbili ndogo za kuchaji, na huku hakuna umeme. Paneli ya sola iko moja tu, juu ya duka la mtu wa Juu. Nilipowaambia kwamba nitachaji hapo, Beja, msemaji wa watu wa Chini, alisimama.

"Mwalimu, sisi hatukubali," akasema. "Moto wa Juu utaijua njia ya kurudi kwao."

"Umeme hauna ukoo," nikamwambia.

"Hata wewe huna, ndiyo maana tukakuchagua. Basi na moto wako uwe hivyo hivyo."

Watu walicheka, hata wa Juu, lakini hapakuwa na aliyekuwa akitania. Nikaenda kwa fundi wa redio Lunga Lunga, akanitengenezea kisanduku kidogo cha nyaya kinachopokea moto wa dinamo ya baiskeli na kuugeuza uzifae betri bila kuziunguza. Sasa kila alasiri ninaipindua baiskeli yangu mbele ya stoo, inasimama kwa kiti na usukani. Ninaisogeza dinamo iguse tairi, kisha ninazungusha pedeli kwa mkono. Mkono mmoja ukichoka, ninashika kwa mwingine. Ni kazi ya muda mrefu kwa moto kidogo, na ukizungusha kwa pupa huongezi ila jasho. Watu wanauita moto wa Mwalimu, na pande zote mbili zinauamini. Kuna siku ambazo mlio wa dinamo ndio sauti pekee ninayoisikia tangu Adhuhuri mpaka Magharibi, ukiacha yangu mwenyewe ninaposali.

Mpaka wote tulikuwa tumekwisha kuupima isipokuwa pembe moja, karibu na kisima cha mchangani. Zamani palikuwa na mkwaju hapo, na wazee wote wanakubali kwamba mkwaju huo ndio uliokuwa mpaka. Lakini wachoma makaa waliukata, na kisiki nacho kikang'olewa. Aliyebaki akipajua mahali hapo kwa hakika ni mtu mmoja tu, Bibi Umazi. Ni mama mkongwe. Alizaliwa Juu, akaolewa Chini. Beja ni mwanawe, na mkuu wa watu wa Juu, Mzee Mwero, ni mdogo wake wa tumbo moja. Kwa hiyo wote walikubali: atakaposimama Bibi Umazi, hapo ndipo mpaka.

Siku moja kabla ya kupima, alinijia peke yake nikiwa ninazungusha. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaketi juu ya jiwe akitazama gurudumu.

"Mwalimu, nikisimama mbali kidogo na ukweli, chombo chako kitanikatalia?"

"La, Mama. Kinaandika unaposimama tu."

"Kumbe hakina akili."

"Hakina."

"Basi bora ningekuja kuzungumza na baiskeli."

Kisha akanieleza. Mtoto wake wa kwanza alikuwa wa kike. Alimzaa kwa babake, kama ilivyo ada ya mimba ya kwanza, na mtoto akafa kabla ya kupewa jina. Wakamzika hatua chache kutoka kwenye mkwaju, upande wa Juu. Tangu hapo amekuwa akipita penye kaburi kwa kisingizio cha kuteka maji, wala hakumwambia mtu. Sasa watu wa Juu wamesema kwamba wakipata hati watazungushia ardhi yao ua wa waya. Akisimama palipokuwa na mkwaju, kisima na kaburi vitabaki nyuma ya waya. Akisogea kidogo tu kuelekea Juu, vyote viwili vitakuwa vya Chini, nyumbani kwake. Beja alikuwa akimshawishi kila siku asogee, kwa ajili ya kisima. Habari ya kaburi alikuwa haijui.

"Ungekuwa wewe, ungesimama wapi?" akaniuliza.

"Sina ruhusa ya kukujibu, Mama."

"Najua. Nimekuuliza kwa sababu hiyo."

Akainuka, akaenda zake. Nilibaki nimeshika pedeli bila kuizungusha.

Kesho yake tulimpakia kwenye keria ya baiskeli yangu, maana hawezi tena kutembea mwendo mrefu. Beja alishika upande mmoja, mpwa wake Bibi kutoka Juu akashika wa pili, wakasukuma polepole. Nilikuwa nimesahau kuiondoa dinamo kwenye tairi, ikawa inanguruma njia nzima.

"Nini hicho kinacholalamika?" Bibi Umazi akauliza.

"Ni moto wa Mwalimu," Beja akasema. "Haujazoea kubeba watu wazito."

"Nilikubeba wewe tumboni ukiwa na kichwa hicho, na sikulalamika."

Tulipofika alishuka, akavua viatu, akatembea akipapasa ardhi kwa nyayo. "Mama, si mbele zaidi?" Beja akasema. Mzee Mwero akamkemea: "Mwache dada yangu." Bibi Umazi akasimama. Hakuwa amesogea kuelekea Juu hata kidogo. Alisimama mahali ambapo kisima kilibaki Juu. Akanitazama, nikabonyeza. Beja akageuza uso.

Kisha Bibi Umazi akapiga hatua chache kuelekea Juu, akasimama tena.

"Bonyeza na hapa."

"Mama, pembe ni moja," nikamwambia.

"Sikusema pembe. Bonyeza."

Kazi yangu ni kuandika mpaka, wala sikuruhusiwa kuandika kitu kingine. Nilibonyeza. Kifaa kikataka jina la mahali. Akaniinamia sikioni, akasema, "Mbeyu." Nikaliandika jina hilo la kike.

Hapo watu wa Juu wakaanza kelele. "Amepima mara mbili! Mwalimu amelishwa!" Mwingine akasema, "Tulijua. Hakuna mtu anayeshiba uji wake mwenyewe miezi yote hii." Mzee Mwero akanijia, akasimama karibu nami kabisa.

"Mwalimu, umeandika nini?"

Jibu nilikuwa nalo, lakini halikuwa langu. Ninakuambia kweli, mke wangu, nilikwisha kujiona nikirudi Funzi kwa aibu, nikipita sokoni watu wakinong'ona. Na pamoja na aibu hiyo kulikuwa na furaha kidogo, kwa kuwa ningekuwa nimerudi.

"Ameandika mwanangu," Bibi Umazi akasema.

Akawaeleza wote, akiwa amesimama hapo hapo. Hakulia. Alieleza kama mtu anayeonyesha njia ya kwenda kisimani. Beja akauliza taratibu, "Nina dada?" Mama yake akamjibu, "Unaye. Na unamkanyaga." Beja akarudi nyuma.

Mzee Mwero akatazama chini. "Mimi nilikuwa mdogo," akasema. "Niliambiwa mtoto amechukuliwa na wakwe." Kisha akanigeukia. "Hicho chombo chako kinajua nukta tu, au kinaweza kuandika na njia?"

"Kinaweza, mtu akitembea nacho."

"Basi andika njia, kutoka mlangoni kwa dada yangu mpaka hapa. Na ijulikane kwamba hiyo haifungwi, ua uwepo au usiwepo."

Nikamwambia kwamba moto ulikuwa karibu kuisha, na kuandika njia kunakula betri kuliko kuandika nukta. Wakakubali kungoja mpaka kesho.

Siku ya pili yake nilizungusha kwa saa nyingi, na Bibi Umazi akaja tena kuketi juu ya jiwe.

"Una mke?"

"Ninaye."

"Yuko wapi?"

"Kisiwani, anamuuguza mama yake."

"Na wewe uko huku unazungusha gurudumu."

"Ndiyo, Mama."

"Haya, zungusha."

Jua lilipopoa, tukaanza kutoka mlangoni kwake. Alikataa keria, alisema kwamba njia ni yake, na ataiandika kwa miguu yake. Alitangulia na fimbo, akipumzika kila baada ya hatua chache, nami nikamfuata na kifaa mkononi. Beja na Mzee Mwero walikuja nyuma yetu, wakibishana kwa sauti ya chini juu ya zamu za kisima. Tulipofika, wao walisimama mbali. Bibi Umazi aliketi chini, akanyoosha miguu, akaweka kiganja juu ya ardhi.

Nikueleze jambo moja la kifaa hiki. Ukitembea nacho kinachora mstari. Ukiketi mahali pamoja, chenyewe hakitulii: kinaendelea kuchora vistari vidogo vinavyokatana, kama mtu anayezunguka pale pale bila kuondoka. Kijana wa upimaji aliyenifundisha, kwa Kiswahili ambacho ningekitia wino mwekundu kila mstari, aliniagiza nikizime kila ninaposimama, ili ramani isichafuke. Ningepaswa kukizima. Nilisimama nikamtazama mama yule, nikaviangalia vistari vikijisokota katika kioo, nikaviacha. Vikaendelea mpaka betri zikaisha.

Baadaye wote walikwenda kula nyumbani kwake, watu wa Juu na wa Chini. Mimi nilirudi stoo, maana kazi haijafungwa mpaka mpimaji aje. Ameagiza kwamba atachelewa. Atakapofungua ramani ataona mpaka, ataona njia, na mwisho wa njia ataona fundo la mistari, na ataniuliza ni kosa gani hilo. Nitamwambia si kosa. Hapo mtu alikaa.

Nisalimie mama mkwe wangu, umwambie kwamba ninamwombea kila sala. Nisalimie binti yetu Saumu; nimepokea kikoi alichonitumia, nacho kinanifaa wakati wa baridi ya alfajiri. Nisalimie Salimu mdogo wangu, aache kuwabeba watalii wengi kupita kiasi kwa sababu tu bahari imetulia. Mpe salamu muadhini wetu, na shangazi yangu wa nyumba ya nyuma, ambaye najua utamsomea barua hii yote hata nikikukataza.

Na katika barua yako ijayo, niandikie habari zako wewe. Usianze na mbuzi.

Mungu akuhifadhi mpaka nitakaposhuka mwenyewe kutoka kwenye mashua.

Mumeo,
Hamisi