Baraka ya Chupa ya Mchaichai

Jumatatu, 3 Februari
Nimetoka shule, nimevua viatu, moja kwa moja kwenye faneli ya kumiminia mafuta. Kazi ileile. Mafuta ya mchaichai kutoka milimani Amani, mafuta ya nazi, chupa. Shangazi Rukia anazipanga dirishani mwa duka, jua lipite ndani, wateja waone rangi. Chupa ikikaribia kuisha haioshwi. Kinachobaki chini ndiyo baraka, mapya yanamiminwa juu yake. Marehemu Bibi alifanya hivyo.

Leo Mama Zubeda amerudisha yake. "Rukia, shoga yangu, haya ya kujipaka au ya kupaka mlango?" Nimenusa. Kweli, tapentaini tupu, ile ya kuchanganyia rangi.

Shangazi kanitazama mimi. Eti sikukausha vifuniko. Nilikausha. Nikanyamaza. Najichukia nikinyamaza.

Jumatano, 5 Februari
Kumbe. Kitabu cha kemia kinasema mwanga, joto na hewa huvunja mafuta ya harufu. Na yaliyoharibika huharibu mapya. Basi ni dirisha. Na ni baraka.

Ila kitabu ni cha Kiingereza. Kichwani nimeelewa, mdomoni sina maneno. Nimejaribu kumweleza Shangazi wakati wa kula. Nimefika kwenye "hewa", nikakwama.

"Hewa? Tuache kupumua basi, mwanangu?"

Wote wamecheka. Na mimi nimecheka. Mjinga.

Ijumaa, 7 Februari
Nasra, binti wa jirani, anaolewa Jumamosi ijayo, kabla ya Ramadhani. Mafuta ya kumsingia yanatoka kwetu. Akisuguliwa kwa kitu kinachonuka rangi, mbele ya wanawake wote wa mtaa wetu wa Usagara, duka limekwisha. Na mwenye kosa ameshapatikana. Mimi.

Jumapili, 9 Februari
Shangazi yuko msibani Kigombe. Nimefanya.

Chupa ya kahawia, iliyokuwa ya dawa ya kikohozi. Nimeichemsha, nimeikausha. Nimefungua dumu jipya la Amani, nimechanganya, nimejaza mpaka shingoni, hewa ikose pa kukaa. Nikaifunga karatasi ya kaki, nikaificha nyuma ya mtungi wa maji, kwenye ubaridi. Baraka sikutia hata tone. Sijuti.

Jumanne, 11 Februari
Shangazi ameiona chupa. "Unaidharau baraka ya mama yangu?" Kataka nimwombe radhi. Nimesema sikukosa. Sauti ndogo, lakini imetoka. Nimefukuzwa kwenye faneli.

Na afukuze. Chupa nimeirudisha nyuma ya mtungi.

Alhamisi, 13 Februari
Bi Salma, somo wa Nasra, anayemfunda, kaja kuchukua mafuta. Shangazi katoa chupa ya dirishani. Nikaenda mtungini, nikaleta yangu, nikaiweka kando yake. Nilichosema ni shikamoo tu.

Bi Salma kanusa ya kwanza, kaiweka chini. Kanusa ya pili, kajipaka mkononi.

"Haya ndiyo ya mamaako, Rukia. Yale ya zamani."

Akachukua yangu. Shangazi karudisha yake dirishani. Nilifurahi vibaya, mpaka nikaona haya.

Jumapili, 16 Februari
Harusi imepita. Ngazi za kina Nasra bado zinanukia.

Asubuhi nimekuta chupa za kahawia mezani, katoni nzima, na faneli juu yake. Shangazi alikuwa anafagia. Hakugeuka.

"Mama hakuwa na duka. Mafuta yake yalikaa uvunguni, gizani."

Akaendelea kufagia.

Dirishani imebaki chupa moja, ile ya baraka. Haiuzwi. Nimeipangusa vumbi, nimeirudisha juani.