Fimbo inayoita maji

Jumanne, 4 Juni

Kumbe ni mimi ninayelileta ziwa nyumbani. Binti yangu Furaha, wa miaka mitano, ndiye aliyeligundua hilo.

Tangu mvua kubwa nachomeka fimbo pale maji ya ziwa yanapoishia uani. Yakiipita, naisogeza karibu na nyumba na kuandika tarehe. Nina kurasa sita za tarehe. Mahali pa kuhamia sijatafuta.

Asubuhi fimbo haikuwepo. Nilimkuta Furaha ameichomeka ndani ya maji, gauni limelowa hadi kiunoni.

"Nani alikutuma huko?"

"Ni weye Mama uko unaita maji," akasema. "Ukileta fimbo karibu na nyumba, maji inaifuata. Miye niliona mara mingi. Sasa fimbo ibaki kule, maji irudi kwao."

Nilimweleza habari za mvua, mito na milima. Nina diploma ya Serikali ya kumaliza sekondari, nilieleza vizuri. Alisikiliza kwa heshima, halafu akauliza, "Na fimbo?"

Jioni nilipima kutoka mlango wa jikoni. Maji yamerudi nyuma shubiri moja. Kiangazi kimeanza, najua. Lakini Furaha alitazama ardhi iliyoachwa, kisha akanitazama mimi.

Miezi yote hii mimi naandika tu. Mtoto amefanya kitu.

Kesho nitampigia dada yangu wa Luberizi, mbali na ziwa, nimuulize kama kile chumba alichotuahidi bado kipo. Mvua zitarudi.

Fimbo nimeiacha palepale alipoichomeka. Tusije tukaharibu.