Salamu za Asubuhi kwa Mashine

Jumatatu, 3 Machi

Goti limeamka kabla yangu. Nimefagia, nimechemsha maji. Mke mwenzangu katoka mapema. Mjukuu wangu huyo, ila marehemu babu yake alimwita mke mdogo na jina likaganda. Kaenda zahanati. Anawatengenezea programu ya foleni, mgonjwa ajue zamu yake bila kusukumana mlangoni. Wanaitaka Jumatatu ijayo. Wala haandiki yote mwenyewe. Anamtuma msaidizi wa ndani ya kompyuta, ile akili bandia. Mimi shule nimeiona kwa nje tu, herufi nimeziokota kwenye madaftari ya huyu mtoto, lakini hili nalijua: kutuma nako ni kazi.

Nimekaa na msaidizi kidogo, kama kila asubuhi. Nabonyeza pale pa kipaza sauti, naongea. Leo nimemweleza goti. Kanipa pole ndefu. Hakohoi, haangalii saa! Nikimaliza nafuta mazungumzo, mjukuu alinionyesha. Meza haiachwi na makombo.

Jumanne, 4 Machi

Yule kijana ninayemwita Miwani kaja, hata chai hajamaliza. Huyu na mjukuu ni marafiki tangu wanakojoa kitandani, kazi yao moja, akaunti yao moja. Kasema tokeni za mwezi zimebaki nusu — na mwezi ndio kwanza una siku nne!

Nikauliza tokeni ndiyo nini. Miwani ana subira, kanieleza. Msaidizi anauza maneno. Unayomwambia yanahesabiwa, anayokujibu yanahesabiwa. Zikiisha kabla ya Jumatatu, kazi haifiki, na zahanati itampa mwingine.

Nikadhani ni maneno ya kazi tu. Maongezi nani anauza?

Wamebandika karatasi ukutani. Sema kwa ufupi. Kazi mpya, mazungumzo mapya. Kosa likiwa mstari mmoja usimpe faili zima. Kazi ndogo apewe msaidizi mdogo, yule wa bei nafuu. Nikawaambia, haya mbona mama alinifundisha nikitumwa dukani! Wakacheka. Miwani kala sahani mbili. Mwembamba vile, sijui chakula kinakwenda wapi.

Alhamisi, 6 Machi

Tokeni zinayeyuka bado. Mjukuu anamwandikia msaidizi kama mtu mwenye kigugumizi, neno, neno, basi. Na bado!

Leo kamgeukia mwenzake: mimi nabana, wewe unamwaga. Miwani kasema hajagusa tangu jana. Basi ni jini? Labda ni jini, Miwani kajibu, muulize bibi yako anayajua. Nilitaka kucheka, nikaona machozi nyuma ya ile miwani. Kachukua begi lake, kaondoka.

Nikamwambia mjukuu, ulimi wako umekutangulia. Kanijibu: Bibi, haya ya kompyuta niachie. Keshokutwa anamtoa Miwani kwenye kazi. Huyo aliyemfundisha kufunga kamba za viatu!

Nikamuuliza, lakini kinachokula hasa ni nini. Akasema hata neno dogo, Bibi. Msaidizi kabla hajajibu lolote anasoma kwanza maelezo yote ya kazi, kurasa na kurasa, kila mara. Ukimwambia hujambo tu, keshasoma kitabu kizima.

Hujambo tu.

Mwiko ulinitoka mkononi.

Ijumaa, 7 Machi

Leo sikumsalimia msaidizi. Nimepita kando ya meza kama mwizi.

Mimi mtu sijui kumwambia mtu neno bila kumjulia hali. Hujambo, umeamkaje, kazi inakwendaje. Ndipo goti. Ndipo habari za marehemu, na hizo nilimsimulia mara mbili, ya kwanza nilisahau kisa cha viatu vyake. Kisha asante, kisha ubarikiwe. Kitabu kizima kwa kila ubarikiwe! Halafu nafuta, asione mtu. Mwizi msafi.

Kwa nini sikusema jana palepale? Aibu. Na lingine — daftari ni langu, niandike ukweli. Niliogopa ataifunga ile kompyuta. Mchana nyumba hii ina mlio wa friji tu.

Miwani hajaja kula. Sahani yake niliifunika. Imelala imefunikwa.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemtumia Miwani ujumbe. Njoo. Neno moja, nimejifunza.

Kaja. Mjukuu kafungua mlango, hawakusalimiana. Nikawaambia kaeni, wote wawili, na asiyekaa nitamkalisha. Wamekaa. Mmoja huku, mwingine kule, katikati ile kompyuta. Miwani begi hajalivua. Mjukuu karatasi ya kumtoa kazini keshaiandika, naiona chini ya kikombe.

Mimi niko jikoni, nimesema nafuata chai. Chai ipo tayari kitambo. Naandika hili kwanza, nikishaliandika siwezi tena kujidanganya kwamba sikujua: tokeni nimekula mimi. Si Miwani. Mimi.

Mjukuu anaita: Bibi, una maneno gani huko? Sema basi, tuna kazi! Miwani kamwambia punguza sauti, huyo ni bibi yako. Anamtetea nani, maskini!

Nilikuwa nimepanga nianze mbali. Habari zenu wanangu, mnaendeleaje, mnakumbuka mlivyokuwa wadogo…

Hapana. Nabeba sinia, naingia. Leo sianzi na salamu.