Harufu Yako Kwenye Mtungi wa Pili

Mpendwa Cucu, nyanya yangu,

Nakuandikia nikiwa na hasira. Ungekuwepo ungeniambia ninywe uji kwanza. Sinywi.

Unakumbuka asubuhi za kijijini Kanja, baridi ya mlima ikituchoma? Ulikuwa ukitwanga mbegu za mbariki kwenye kinu, ukazichemsha, ukaengua mafuta kwa kijiko. Ulinipaka miguu kabla ya shule. "Simama hapo juani yaingie," ulisema. Nilipenda kunuka kama wewe.

Binti yako Muthoni, shangazi yangu, hakupenda. Kanisani alikuhamishia benchi la nyuma, karibu na mlango. "Mama, hiyo harufu ni ya kishamba, watu wanatuangalia," alikwambia mbele yangu. Ukajifunga leso, ukahama. Hata siku ya kukuzika alikupaka losheni ya maua. Nilisimama kando ya jeneza nikashindwa kukutambua.

Sasa nafanya kazi katika kiwanda kidogo cha mafuta hapa Embu mjini. Hatuchemshi kitu. Tunachukua gesi, ile inayotoa povu kwenye soda, tunaibana kwa shinikizo kubwa na joto kidogo mpaka isiwe hewa tena wala isiwe maji. Inapenya kwenye mbegu zilizosagwa na kutoka imebeba mafuta. Tukipunguza shinikizo, mafuta yanabaki kwenye mtungi wa kwanza, mang'avu, hayanuki. Harufu inaangukia mtungi wa pili, pamoja na mafuta kidogo ya rangi ya chai. Huo tunaumwaga.

Mbegu ni zile zile za mbariki, ambazo hapa kiwandani wanaziita mbono. Na nani anayasifia mafuta hayo kwa akina mama wa kanisa? Muthoni. Jumapili iliyopita alinipa chupa tupu. "Niletee ingine. Hii ndiyo mafuta, si ile kitu ya mama."

Jana nilimrudishia chupa yake, nimeijaza kutoka mtungi wa pili. Nilikuwa nimeyapanga maneno yote ya kumwambia. Akafungua, akanusa, akaketi mlangoni.

"Mama amekuja," akasema.

Nilitaka kuichukua chupa nikaimwage. Alikataa kuiachilia.

Leo kanisani aliingia amejipaka mafuta hayo, akaenda mwenyewe kukaa kwenye benchi lako la nyuma. Watu wakageuka kumwangalia. Nafasi kando yake ilikuwa wazi, nami nikaiona, nikakaa mbele.

Pumzika wewe. Mimi bado nina hasira.

Mjukuu wako uliyempaka miguu