Sifuri Nilizozipanga kwa Rula Kule Wenje

Mshauri mpendwa,

Salamu kutoka Garsen. Nimeshika kalamu kukuomba msaada, ila kabla hujaanza kunionea huruma napenda ujue kwamba anayekuandikia si mtu wa ovyo, nimesoma hadi darasa la sita nikaacha kwa hiari yangu, mwalimu atasema mengine lakini mwalimu hayupo hapa, na mwandiko wangu unauona mwenyewe, hata Daktari Mzungu anayesimamia uchunguzi wa homa katika mto huu alisema mbele ya watu kwamba hajapata karani mwenye mistari iliyonyooka kama yangu tangu ashuke meli, kwa hiyo ukikuta herufi imepotea mahali ujue ni mchapaji wako.

Kazi yenyewe ni hii. Tangu mwezi wa pili sisi makarani watatu tunazunguka vijiji vya Tana na karatasi za serikali, nyumba kwa nyumba, tunauliza wangapi wanalala humu, nani ameugua homa mwaka huu, mama amezaa mara ngapi na watoto wangapi wamekufa, na nyuma yetu anakuja Daktari na meza yake anawalaza watoto na kuwabonyeza tumbo upande wa kushoto kupapasa bandama, maana bandama ikivimba ndiyo alama ya malaria, kisha karatasi zote zinashuka hapa Garsen kwa mkuu wetu wa hesabu, Bwana Jairus, mtu wa bara mwenye miwani miwili, mmoja wa kusomea na mmoja wa kutukodolea macho sisi, naye anazigeuza kuwa jedwali moja refu, na jedwali hilo ndilo wakubwa watakaloliangalia Jumatatu ya tarehe ishirini na nne mbele ya Bwana DC ili waamue dispensari moja, narudia moja, pamoja na dresa wake wa kufunga vidonda na kugawa dawa, na kwinini yake, iwekwe kijiji gani.

Mimi ni hodari wa kuuliza, nisikufiche. Mzee Roba, mfugaji mmoja wa Kiorma, aliwashinda wenzangu wawili, walipomuuliza idadi ya watoto wake akawaambia, "Unataka kuwahesabu ili uwapeleke wapi?" wakarudi na karatasi tupu, mimi nikaenda nikakaa naye, nikanywa maziwa yake, nikasifu ng'ombe wake bila kuwahesabu, na jioni watoto waliporudi na ndama nikawa nahamisha kokoto kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto, kokoto kumi na moja, na mzee hadi leo ananiona mtu mwenye adabu.

Basi nikapewa Wenje, kwa sababu ndiko kwetu. Wenzangu walitupwa mbali wakanung'unika, mimi nikacheka. Kumbe kwetu ndiko kugumu. Pale kijijini kwetu mtoto akifariki kabla ya arobaini yake wanamzika akina mama wazee, Bibi Halima mkunga na wenzake, asubuhi, wanaume wako mashambani, na baada ya hapo habari yake haitajwi, mama yake hahesabu, baba hahesabu, na kijana wa kiume kwenda kumuuliza mwanamke habari hizo ni kukosa haya kabisa, tena wanawake wenyewe ni mama zangu, shangazi zangu, walionifunga nepi. Nyumba ya kwanza niliuliza, mama mwenye nyumba akageuza uso akaendelea kupepeta mpunga wake kama umepita upepo. Nyumba ya pili nikauliza kwa kukohoa. Nyumba ya tatu sikuuliza tena, na sikuuliza mpaka nyumba ya mwisho, na nyumba ni themanini na mbili.

Sasa sikiliza kosa liko wapi. Siku ya kwanza ya kazi Bwana Jairus alituambia, mtu asipojibu weka kistari, msiweke sifuri, kwa sababu sifuri ni jibu na kistari ni ukimya. Nilimsikia vizuri. Lakini karatasi yenye vistari juu mpaka chini inafanana na karatasi ya mvivu, na mimi nina jina langu la kulinda, nikaona hawa wote hata ningewauliza wangeniambia hawana la kusema, basi hakuna, nikachukua rula nikapanga sifuri zangu moja chini ya nyingine, nzuri hata wewe ungetamani kuzitundika ukutani. Nyumba nne tu niliandika idadi, wale waliofiwa na watoto wakubwa, ambao kila mtu anajua.

Jedwali lilipotoka, Wenje ilikuwa ya ajabu. Bandama za watoto wetu zimevimba kama za vijiji vingine, nyingine zimezidi, lakini watoto hawafi. Bwana Jairus aliniita akaiweka karatasi mezani akavua miwani akasema, "Bwana mdogo, sifuri nyingi namna hii sijaziona hata kwenye mitihani ya darasa zima." Nikamwambia kwetu tunatunza watoto. Akanitazama sana, kisha akatia sahihi, maana kila karatasi ni lazima aithibitishe, na aliamini kwa sababu ni mimi.

Daktari yeye hakuwa na shaka, alifurahi. Anasema watu wa Wenje wana homa lakini wana kitu kinachowakinga, pengine ni moshi wa jikoni, pengine ni kambare tunaokula, amekwisha kutuma mtu aletewe kambare kumi ndani ya chupa za dawa, na anataka kuandika Nairobi kwamba vijiji vingine vifundishwe kuishi kama sisi. Na kuhusu dispensari, Wenje imewekwa ya mwisho kwenye orodha, maana kijiji ambacho watoto hawafi kinataka dresa wa nini. Mimi hapo nilicheka kidogo, nitakuambia ukweli, Mzungu mzima anafuata kambare kwa ajili ya rula yangu. Nikaacha kucheka nilipokwenda nyumbani.

Dada yangu Tuneya ameolewa palepale Wenje, ndiye aliyenipikia siku zote nilizokuwa nikiandika. Amezika wawili. Wa pili mimi nilikuwepo, nilimsikia akilia upande wa pili wa ukuta. Nyumba yake ni ya kumi na saba kwenye karatasi zangu na nimemwandikia sifuri, nilikuwa nimekaa kwenye mkeka wake, sahani iko mbele yangu. Sasa ana mimba ya miezi mitano. Habari za dispensari kwenda kwingine zilikuwa zimefika kabla yangu, akaniuliza bila kunitazama, "Kwani kwetu uliandika nini?" Nikamjibu nimeandika kama nilivyoandikia watu wote. Akaniletea maji ya kunawa, tukala.

Shida yangu, mshauri, ni kwamba nimepangiwa kwenda Mombasa mwaka ujao kusomea ukarani wa hesabu za afya, nafasi moja tu, na Bwana Jairus ndiye aliyepeleka jina langu. Nikisema ukweli ninaipoteza, na yeye anaaibika kwa sahihi yake, na Daktari anaaibika na kambare wake. Nikinyamaza unajua mwenyewe. Nimefikiria njia ya tatu, ya akili, kwamba niingie ofisini nizitoe zile karatasi, kila sifuri ya tatu niigeuze moja, wino ni uleule na mkono ni uleule, hesabu itakaa karibu na ya vijiji vingine, Wenje itapanda kwenye orodha na hakuna atakayeaibika. Nakuuliza wewe mwenye kujua mambo ya watu, je, hii haifai?

Ni mimi,
Kalamu Nyoofu, Garsen

MSHAURI ANAJIBU

Kalamu Nyoofu, umeficha jina lako vizuri sana, kisha ukanitajia la dada yako, la mkuu wako, la mkunga, na hata namba ya nyumba. Majina yote nimeyabadilisha kabla ya barua kwenda kwa mchapaji, na herufi zilizopotea amezirudisha yeye.

Nianze na njia yako ya akili. Haifai. Ulipoandika sifuri hukujua, ukajifanya unajua. Ukigeuza kila sifuri ya tatu kuwa moja bado hutajua, ila safari hii utakuwa umekaa kitako ukapanga. Nyumba ambayo haikufiwa utaizikia mtoto, na nyumba iliyofiwa na watatu utaipa mmoja au utairuka. Halafu mwaka kesho Daktari atauliza swali jingine juu ya zile hesabu, na wewe utakuwa Mombasa unasomea jinsi ya kufanya hivyo vizuri zaidi. Usiguse karatasi hizo peke yako, hata kwa kuzifuta vumbi.

Mimi nimezaa mara saba na ninao watano. Angenijia mlangoni kijana wa jirani na kalamu, akaniuliza wangapi wamekufa, ningegeuza uso kama yule mama wa nyumba ya kwanza, na pengine ningefunga mlango. Si kwamba sina la kusema. Ni kwamba huyo si wa kumwambia, na mlangoni si mahali pake. Hilo ulilijua, kwa sababu umezaliwa hapo. Mzungu angekosea kwa kutojua desturi. Wewe uliijua, ukaiheshimu, kisha ukaiandika kwa tarakimu isiyo yake. Kuona haya kwako mbele ya mama zako hakukuwa kosa, na sikulaumu kwa kuacha kuuliza. Nakulaumu kwa kuona aibu kurudisha karatasi yenye vistari. Yule mkuu wako angeviona vistari sabini na kitu katika kijiji kimoja angejua mara moja kwamba huko hapakuulizwa na mtu anayefaa, na angemtuma anayefaa. Vistari vyako vingezungumza kuliko sifuri zako.

Sasa fanya hivi. Nenda kwa Bwana Jairus kwanza, peke yake, kabla ya Daktari na kabla ya mtu mwingine yeyote. Alitia sahihi kwa kukuamini, kwa hiyo ana haki ya kujirekebisha mwenyewe kabla ya kurekebishwa na wakubwa. Na usianze na habari za Mombasa wala za mwandiko. Mwambie: "Wenje niliuliza nyumba mbili tu, hawakujibu, zilizobaki sikuuliza, nikaandika sifuri, nyumba sabini na nane." Basi. Nyamaza umpe nafasi ya kukasirika. Mtu aliyekutazama sana kabla ya kutia sahihi alikuwa amekwisha kushuku, na huenda akapumua.

Kurudia nyumba themanini na mbili kabla ya Jumatatu huwezi, wala nisikudanganye. Lakini kugeuza sifuri kuwa vistari hakuhitaji lori la kwenda Wenje. Zigeuzeni nyinyi wawili, yeye akiona, kwa wino mwekundu, na pembeni iandikwe sababu. Kisha aombe Wenje isihukumiwe Jumatatu, ingojewe. Wakubwa hawapendi kungoja, lakini hata zaidi hawapendi kujenga dispensari mahali pasipostahili na kuulizwa baadaye. Daktari naye aambiwe upesi, kabla barua yake haijaondoka. Akishaandika Nairobi kwamba moshi unakinga watoto, kuna kijiji kitakachonyimwa dawa kikaambiwa kiwashe kuni.

Baadaye mrudi Wenje na Bibi Halima, kama atakubali, na msimlazimishe. Yeye aingie ndani, wewe ubaki nje na ubao wako. Anawajua wote aliowazika, na akina mama wenzake watazungumza naye jikoni mambo ambayo hawatakuambia wewe ukiuliza miaka kumi. Atakuletea idadi tu, na idadi ndiyo inayotakiwa. Nyumba itakayokataa hata kwake, weka kistari na ukiache hivyo. Kwa Mzee Roba ulikaa mpaka jioni ukahamisha kokoto. Kwa mama zako ulipita mlango kwa mlango kama mkusanya kodi.

Mombasa pengine utaikosa. Sitakufariji. Ila nakuambia jambo moja, kwamba mtu anayesimamia hesabu za magonjwa akipata karani aliyekuja mwenyewe kusema "hapa nilikosea, na nilikosea hivi," huwa hamtupi kwa urahisi, kwa sababu wengine wote hawaji.

Dada yako usimpelekee maneno mazuri. Alikuuliza swali, ukamzungusha, naye akakuletea maji ya kunawa. Mpelekee jibu. Mwambie uliandika sifuri, mwambie imefutwa, na kama hataki kusema lolote usimdai. Jambo linalomhusu yeye ni dresa awe karibu kabla ya miezi minne kwisha, na kazi hiyo iko kwenye meza ya Bwana Jairus.

Gazeti hili hufika Garsen Alhamisi, na likikwama kivukoni ni Ijumaa. Mkutano ni Jumatatu. Ukiwa unaisoma safu hii umesimama, usikae. Ofisi za serikali hufungwa saa kumi.