Ng'ombe Niliyemhamisha

Jumanne, 8 Julai 2025

Leo mwanaume mzima amelia mbele ya picha yangu. Sijakaa sawa mpaka sasa.

Nilikwenda zahanati kupima presha. Ile picha kubwa ya boma la Waitara, niliyowapa mwezi uliopita, wameitundika pale wagonjwa wanaposubiri. Nikakuta mtu amesimama karibu nayo kabisa, pua inakaribia kugusa kioo. Mgeni. Kofia mkononi. Machozi yanamtoka na hayafuti! Nikadhani amefiwa. Nesi Laurensia, mtu wa Bukoba, ambaye haamini kama wanaume wa huku wana machozi, akaninong'oneza kwamba amekuja kumwona ndugu yake mgonjwa, na tangu asubuhi hajabanduka pale ukutani.

Niseme ukweli, kichwa kilivimba. Miaka thelathini na nane ya chaki, hakuna aliyewahi kulia kwa kazi yangu, labda kwa fimbo. Mwaka mmoja na nusu tu tangu nistaafu na binti yangu Winfrida anitumie kile kiboksi cha rangi za maji kutoka Mwanza — na tazama! Nikamwambia mimi ndiye mchoraji. Akageuka, hakutabasamu. Akauliza boma hili la nani. Nikajibu kwa raha zangu: la jirani yangu Waitara, ng'ambo ya barabara.

Akaweka kidole kwenye kioo, juu ya yule ng'ombe mwekundu wa mbele.

"Huyu alikuja na mahari ya dada yangu. Dada ameshakufa. Ng'ombe nilikuwa naye mpaka mwezi wa tano."

Akavaa kofia, akaondoka. Presha imekutwa juu. Nesi amesema nirudi nikiwa nimetulia. Nitulie vipi?

Jumatano, 9 Julai 2025

Wamekuja. Pikipiki tatu, pamoja na mwenyekiti wa kijiji. Yule mtu anaitwa Mniko, anatoka upande wa Serengeti, karibu na Manchira. Ng'ombe wake wanane waliibwa katikati ya Mei. Walifuata nyayo siku mbili, zikapotelea kwenye lami.

Picha yangu wameitoa ukutani! Wameifunga kwenye kanga, wakaenda nayo moja kwa moja kwa Waitara, mimi nyuma yao nikihema. Waitara alikuwa anapasua kuni. Akaitazama, akacheka. Akasema ng'ombe huyo hamjui. Wakamuuliza kama boma si lake. Akasema boma ni lake, mti ni wake, hata ndoo ile ya bluu ni ya mke wake. Masikini, alikuwa anajivunia! Hakuona anakokwenda. Kama ndoo ni ya kweli, basi na ng'ombe ni wa kweli.

Mniko akatoa karatasi aliyoandikiwa polisi mwezi wa tano. Akasoma alama. Pembe ya kushoto imeshuka mpaka karibu na jicho. Baka jeupe kutoka nundu hadi begani. Sikio la kulia limekatwa mara mbili. Zote ziko kwenye picha. Mimi na ujanja wangu wa brashi ndogo! Mwenyekiti, ambaye nilimfundisha darasa la nne, akasema Mwalimu Werema hajawahi kuandika uongo ubaoni, hawezi kuuchora.

Waitara akanigeukia. "Mwalimu, waambie."

Nikasema ng'ombe huyo si wa hapa. Wakaniuliza ni wa wapi. Sikukumbuka. Nachora kila siku, ng'ombe, wanawake kisimani, mafundi baiskeli — nitakumbuka vipi?

Alhamisi, 10 Julai 2025

Ritongo, baraza letu la wazee, limekaa leo kwa ajili ya Waitara. Nimechoka hata kushika kalamu, lakini niandike.

Akionekana mwizi atatengwa. Hakuna wa kumsalimia, hakuna wa kumpa moto, akifa hakuna wa kumchimbia kaburi. Mzee wa miaka sitini na saba! Mtu aliyenisaidia kuezeka nyumba hii.

Nikasimama. Nikaeleza ninavyofanya kazi. Kwanza nachora kwa penseli pale pale nilipo, kwenye daftari. Baadaye nakaa nyumbani, natengeneza picha kubwa ya rangi. Ng'ombe wa Waitara wote ni weusi. Picha ilikuwa imelala, ilitaka kitu chekundu pale mbele. Nikatafuta kwenye daftari, nikampata huyo, nikamhamishia bomani kwa Waitara.

Kisha mzee mmoja akauliza, polepole, kama nimesema nimehamisha ng'ombe wa mtu. Wengine wakacheka. Wengine hawakucheka hata kidogo. Nimeshtuka jinsi walivyoniangalia — kwao ng'ombe ni ng'ombe hata akiwa wa penseli, na mtu mwenye akili zake hamtoi boma hili akamtia boma lile kwa sababu ya rangi.

Mniko hakucheka wala kukasirika. Akauliza neno moja tu. "Ulimtoa wapi?"

Nikajibu kifua mbele, kama niko mbele ya mkaguzi. Daftari langu lina tarehe na mahali, kila mchoro. Nitalileta. Wazee wakasema Jumatatu, ili na wazee wa upande wa Mniko wawepo. Waitara akanishika mkono mbele ya watu wote.

Ijumaa, 11 Julai 2025

Nimempata.

"Jumamosi, 17 Mei. Nyumbani. Ng'ombe wa Nelson."

Nyumbani!

Mwandiko wangu. Sikio limekatwa mara mbili. Ee Mungu.

Jioni, siku hiyo hiyo

Niandike kwa utaratibu labda nitaelewa. Nelson ni mwanangu wa kiume pekee, wakala wa forodha pale mpakani Sirari. Jumamosi ile alifika na ng'ombe wanane. Wakapumzika hapa, kesho yake wakavushwa kwenda Isebania, upande wa Kenya, kwa baba yake Felista, mke wa Nelson. Mahari. Mzee wa Isebania alikuwa amechoka kusubiri na mimi nilikuwa nimechoka kuona aibu. Wanane! Nilifurahi mno. Nikachukua kigoda nikamchora huyo mwekundu kwa sababu ya ile pembe.

Nikachora mpaka alama za sikio, na sikuuliza alama hizo ni za nani. Mtu wa forodha, hana hata karatasi ya kibali cha mifugo, na mimi sikuuliza. Mwalimu mzima! Nilikuwa naangalia rangi.

Jumamosi, 12 Julai 2025

Nimempigia Nelson. Nikauliza bila salamu. Upande wa pili honi za malori zinalia. Akasema aliwanunua kwa watu. Watu gani? Watu tu, mzee, watu wa pale pale. Majina? Watu tu, mzee. Nikamweleza kuhusu Waitara, kuhusu Jumatatu.

"Baba," akasema, "wewe chora miti."

Akakata. Mimi baba yake! Nimekaa na simu sikioni kama mjinga.

Alijua au hakujua? Nimezunguka nyumba nikijiuliza. Kama alijua, ni mwizi. Kama hakujua ni kwa kuwa hakutaka kuuliza, na hapo amefanana na mimi.

Mchana Felista kaniletea maji ya kunawa. Shikamoo baba, karibu chakula baba. Tumbo la miezi saba. Hajui lolote. Ng'ombe wale wakidaiwa kule Isebania, baba yake atamfuata binti yake, ana haki. Na Nelson ataingia ndani. Wale vijana wa Manchira wakimpata kabla ya polisi, sitaki kufikiri.

Sikula.

Jumapili, 13 Julai 2025

Nimetoka kanisani kabla ya matangazo, kichwa kinagonga. Nikafungua daftari kuangalia tena, labda nilisoma vibaya. Baada ya tarehe 16 Mei inakuja tarehe 19. Nikapitisha kidole kwenye uzi wa katikati. Kuna kipande kidogo cha karatasi kimebaki, kimechanwa.

Rhoda mke wangu alikuwa amewahi kurudi, anamenya ndizi. Nilipomwuliza hakuinua hata macho. Jana aliisikia simu yote; ukurasa ule amewashia moto wa jikoni. Anasema hivyo hivyo, kama anayesema amewasha kwa gazeti! Mwalimu wa Sunday school! Miaka thelathini na sita tuko pamoja, sijawahi kumwona anachukua hata yai la jirani.

Nikamwambia Waitara atatengwa. Akaacha kisu.

"Waitara ana wana watano wa kumzika. Mimi ninaye mmoja. Sema ukurasa umepotea. Si umepotea kweli?"

Lakini niandike na hili, hapa hakuna anayesoma: nilifurahi. Kwa dakika nzima nilifurahi kwamba haupo. Kisha nikaona aibu, nikatoka nje nikasimama nyuma ya choo mpaka ikaisha.

Jumatatu, 14 Julai 2025

Saa mbili asubuhi. Waitara yuko hapa! Hakuna aliyemwita. Amekuja kunisindikiza. Amenyoa ndevu, amevaa koti lake la mazishi, amekaa barazani kwangu anakunywa uji wa Felista. Namsikia kutoka humu chumbani. Anamweleza Felista kwamba tangu Alhamisi mke wake hasalimiwi kisimani. Lakini leo, anasema, baba mkwe wako atanisafisha. Anasema taratibu, kama mtu aliyepata usingizi usiku. Mniko na wazee wake wameshafika, pikipiki zao zimepita.

Nilikuwa nimekaa na daftari, limefunguka pale palipochanwa. Nikachukua penseli, nijue tu kama nakumbuka.

Nakumbuka. Pembe, nundu, baka, sikio. Haikuchukua dakika kumi. Nyuma ya ng'ombe tangi letu la maji limetokea lenyewe, na mlango wa jiko, na miguu ya Nelson aliyekuwa amekaa kwenye ngazi anacheka. Hata viatu vyake nimeviweka. Tarehe nimeandika. Mahali bado.

Rhoda amesimama ananiangalia mkono. Nimeinua macho mara moja tu, sijawahi kumwona na uso huu. Amenyoosha mkono anataka daftari. Sijampa.

Waitara ameita, Mwalimu, tunachelewa. Nimesema nakuja. Naandika tu ili mkono uwe na kazi.

Felista ameingia kuchukua sukari. Ameinama juu ya bega langu, ameona mchoro, na amefurahi mtoto wa watu, sauti yake imejaa nyumba:

"Baba, si hii ni ile ng'ombe yetu ya mahari? Iko kwa mzee Isebania. Imezaa wiki jana."

Rhoda amefunga macho.

Huko barazani nasikia Waitara ameweka kikombe chini. Anasimama