Blanketi Chini ya Magoti

Jumatatu, tarehe 4 mwezi wa tatu, 1957

Wiki ya sita kitandani. Homa ya mapafu imeshuka, magoti hayakupata habari. Yamejikunja, hayataki kunyooka. Vidole vya mkono wa kuume navyo vimeanza. Kreyo, penseli yangu, nimeizungushia kitambaa ili niishike. Niandike upesi basi!

Asubuhi alikuja Pascasie, msaidizi wa hospitali, mikono kama ya fundi wa matofali. Nilikuwa nimekunja blanketi na kuliweka chini ya magoti. Akalivuta. "Muzee Anastase! Tena? Na wewe ulikuwa muuguzi! Hii blanketi ni adui. Leo haiumi, kesho hautembee." Akapaka mawese, akasukuma goti. Nikalia kama mbuzi. Akacheka: "Lia tu, papa. Masikio yangu yamezoea."

Masista ndio waliomfundisha kunyoosha viungo, anasema. Lakini sababu ya kujifunza ni mama yake, Nyirarukundo wa Kibati. Mwaka wa 31 aliingia hospitali na homa ya matumbo, kwa miguu yake mwenyewe. Alitoka amebebwa, magoti yamekunjwa. Hajasimama tena.

Nyirarukundo. Kitanda cha nne, kando ya dirisha. Muuguzi wake nilikuwa mimi.

Sikumwambia.

Jumatano ya Majivu, tarehe 6

Padri alipita na majivu. Niliungama yote, hata lile la kitanda cha nne. Akaniondolea dhambi, kisha akauliza: na yule mama, anajua?

Basi naandika. Daktari aliagiza miguu yake inyooshwe mara tatu kwa siku. Nikimgusa, analia. Niliona huruma — hapana, nilichoka na kilio. Nikamwekea blanketi chini ya magoti. Akatulia. Akanishukuru! Wiki saba. Na kila siku niliandika kwenye kaye, daftari la wodi: imefanyika, imefanyika, imefanyika. Kwa mkono huuhuu.

Ijumaa, tarehe 8

Situlii. Leo Pascasie alisukuma huku akisimulia. Ukoo ulipoona magoti ya mama yake, ulitafuta mchawi. Ukampata: shangazi yake Pascasie, Mukamugema, kwa kuwa ndiye aliyepeleka uji hospitali kila siku. "Batu balisema ni ule uji, muzee." Wakamfukuza. Yuko Masisi, peke yake, mwaka wa ishirini na sita huu.

Uji ule niliuonja. Ulikuwa wa mtama. Mtamu.

Nikisema, nani atanyoosha magoti haya? Wasaidizi wengine hupita mbio. Nitaingia kwenye sanduku la kuzikiwa nimekunjwa, ama seremala atanivunja kwanza. Aibu! Mwanamke yuko Masisi, mimi nawaza sanduku langu.

Jumamosi, tarehe 9

Nimemwambia. Goti la kushoto lilikuwa mikononi mwake. Kitanda cha nne, blanketi, kaye, yote. Mikono ilisimama. Hakutukana. Alishusha mguu wangu polepole, akaufunika, akaenda. Chupa ya mawese ameisahau hapa.

Jumanne, tarehe 12

Siku ya tatu bila mtu kunigusa. Magoti yanapanda kuelekea tumboni.

Saa nne Pascasie alirudi, macho mekundu. Alikuwa Kibati. Mama yake alisikiliza mpaka mwisho, akauliza neno moja tu: Mukamugema angali hai? Wamemtuma mutu Masisi akamlete.

Nililia. Nikamshukuru Mungu, nikamshukuru na yeye. Alichukua blanketi, akalikunja mara mbili, mara nne, vizuri, kama tulivyofundishwa. Akainua magoti yangu, akalisukuma chini.

"Pumzika, papa. Hivi haiumi, sivyo?"

Haiumi. Hata kidogo.

Ameenda. Mikono yangu haifiki huko chini. Mlangoni yuko msaidizi mwingine, anakunja mashuka. Nikiita atasikia. Kreyo inateleza. Sijaita —